Kichwa cha Mzee Havea

Mzee Havea alikufa kwa mara ya kwanza Jumatatu moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na aliyemuua ni Latai. Nasema hivyo bila kumwonea. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika kibao cha kuendeshea pumzi zake, na sauti yake ilikuwa sauti yangu.

Msishtuke, Havea ni mdoli. Ana uzito wa mtu mzima, mapafu ya mpira, mapigo ya moyo shingoni, na spika ndogo kooni ambamo mimi nasemea. Alifika chuoni kwetu, chuo cha uuguzi hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, ndani ya sanduku kutoka ng'ambo, uso rangi ya waridi na kichwa kipara. Mimi nilikuwa fundi redio karibu na soko. Sista Temaleti, mwalimu wa mazoezi, alinifuata kibandani akaniambia anatafuta mtu anayezijua nyaya na asiyeona haya kukoroma mbele ya watu. Mke wangu alimwambia amefika.

Mwaka wa kwanza wanafunzi walimfanya yule mdoli kichekesho. Mzungu wa plastiki, walimwita. Walimtekenya nyayo, walimvisha miwani ya jua, mmoja alipiga naye picha akimlisha muhogo. Akizimia wanacheka, akifa wanamwambia lala salama. Sista Temaleti hakugombana na mtu. Alikwenda zake nyumbani, akarudi na rangi ya viatu ya kahawia, nywele za bandia zenye mvi, shati jeupe la kanisani, na ta'ovala, ule mkeka wa kufunga kiunoni, mkuukuu wa marehemu baba yake, umekatika nyuzi pembeni kama unavyotakiwa kuwa mkeka wa mtu mwenye heshima zake. Akampa jina la Havea na cheo cha mzee wa kanisa.

Siku iliyofuata darasa zima liliingia limeinama. Hakuna aliyecheka. Walipita upande wa miguu, walinong'ona, na mmoja aliyepitisha mkono juu ya kitanda kuchukua glavu aliomba radhi mara mbili. Mimi na Sista tukapeana mikono nyuma ya pazia, tukadhani tumeshinda. Kumbe bado. Zamani walikuwa hawamtibu kwa sababu ya mzaha, sasa walikuwa hawamtibu kwa sababu ya adabu.

Na katika wote hao, hakuna aliyekuwa na adabu kumzidi Latai.

Latai alitoka kisiwa kidogo kati ya visiwa vya Ha'apai ambacho ukikizunguka kwa miguu unarudi ulipoanzia kabla kiatu hakijaingia mchanga wa kutosha. Baba yake, Vaka'uta, ndiye msimamizi wa kanisa huko, mtu mrefu, mkimya, asiyecheka mbele ya watoto. Nyumbani kwao, baba akilala mkekani, watoto wanazunguka kwa miguuni. Hawagusi kichwa chake wala nywele zake. Hakuna fimbo inayotajwa. Mtoto wa kwetu anaujua mwiko huo kama anavyojua kwamba moto unaunguza, na Latai alikuwa mtoto wa kwetu hasa. Miaka ishirini na mbili, hajawahi hata kumtoa baba yake jani lililoangukia nywele.

Lakini darasani, mama wee! Mitihani ya kuandika alikuwa wa kwanza. Angekuchorea pafu kwa kijiti mchangani na kukutajia kila mshipa. Kisiwani kwao hakuna nesi, aliyekuwepo alihamia ng'ambo kumfuata mume, na siku Latai anaondoka kwaya ilimwimbia gatini mpaka boti ikawa nukta. Walikuwa wanamngoja. Kilichobaki kati yake na wao ni mtihani mmoja wa vitendo, na mtihani wenyewe una kanuni fupi: mara tatu. Ukishindwa ya tatu, unafunga sanduku lako unarudi kwenu ukiwa ulivyokuja.

Basi Jumatatu hiyo. Mgonjwa ni Mzee Havea, ameletwa hajitambui, anakoroma, ulimi umeanguka nyuma umeziba koo. Kinachotakiwa ni kidogo sana: simama kichwani pake, weka mkono kwenye paji, mrudishe kichwa nyuma, inua kidevu. Njia ya hewa inafunguka. Sekunde tano. Sista Temaleti amekaa na saa yake, na pembeni yake amekaa Metroni wa hospitali, mama mmoja mnene wa sauti nzito ambaye hata madaktari wanamwita “mama”.

Nikakoroma. Latai akaja, akafunga mikono mbele, akainama.

“Tulou, mheshimiwa,” akasema kwa sauti ya chini kabisa; tulou ni neno letu la kumwomba radhi mkubwa. “Naomba radhi kwako na kwa ukoo wako. Naomba uniruhusu niguse kichwa chako.”

Halafu akangoja.

Akangoja ruhusa ya mtu aliyezimia. Kwenye kibao changu hewa ya mwili ilikuwa tisini na nne, ikashuka themanini na nane, ikashuka themanini.  Namba zikawa nyekundu, kengele ikalia, Latai bado ameinama, anangoja kwa heshima zote, mpaka Havea akakata roho.

“Amekufa na nini?” Metroni akauliza.

Sista Temaleti akafunga daftari. “Na heshima,” akasema.

Mara ya pili ilikuwa wiki mbili baadaye, na hapo mwenye kosa ni mimi. Nalisema wazi kwa sababu limenikaa moyoni muda mrefu. Nilikuwa nimempenda yule binti. Alikuwa ananiita mjomba, na kwetu anayekuita mjomba ana haki ya kukutania na kula chakula chako bila kuuliza. Nilimwona akiingia, midomo imekauka, akafika kitandani, mkono ukainuka kidogo, ukasimama hewani.

“Tulou, mheshimiwa,” akaanza tena. “Naomba uniruhusu…”

Mkono hauendi mbele, haurudi nyuma. Namba zinashuka. Nikaona machozi yanamjaa. Na mimi, baba wa watoto watano, mtu mzima mwenye akili zangu, nikabonyeza kitufe cha spika nikasema kwa sauti ya kizee:

“Endelea tu, binti yangu.”

Latai akaruka juu, kisha akashukuru, kisha akamrudisha Havea kichwa nyuma vizuri kabisa, kidevu juu, kifua kikapanda. Kwa sekunde kama tatu nilijiona malaika.

Kiti cha Metroni kikalia. “Simamisheni. Nani kaongea?”

Nikaachia kitufe.

“Nimeuliza nani kaongea! Mgonjwa ana ulimi kooni, hajitambui, halafu anatoa ruhusa? Binti, wewe ukienda wodini utafanya nini? Utaokoa watu kwa kibali cha maiti?”

“Hapana, mama,” Latai akasema.

“Sijasikia.”

“Hapana, mama.”

“Umeshindwa.”

Walipotoka, Sista Temaleti akaja nyuma ya pazia. Ni mwanamke mdogo wa umbo, ananifika kifuani, lakini siku hiyo nilitamani niingie ndani ya sanduku alilokuja nalo mdoli.

“Feleti.”

“Sista, nilimwonea huruma.”

“Huruma? Umemnyang'anya! Alikuwa na mara mbili, sasa ana moja. Mimi nimemleta yule mzee wa plastiki hapa ili watoto hawa waogopee humu, wakosee humu, waue humu, wakifika kwa watu wawe wameshamaliza. Wewe unamfichia kosa lake. Akutane nalo wapi? Kwa mama wa nani?”

 Nilikwenda kumtafuta Latai nikamkuta ukutani nyuma ya jiko, amekaa na viatu mkononi. Nikaomba msamaha, nikatamka maneno mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua kikopo changu cha chakula, akachukua andazi langu kubwa kuliko yote akaling'ata.

“Hii faini,” akasema. “Na mjomba, sauti ile ya kizee umeitoa wapi?”

“Nimeibuni tu. Kwa nini?”

“Ndivyo anavyoongea baba.”

Akala andazi lote hapo hapo. Aliponimalizia na chai nikajua hajakata tamaa.

Sista Temaleti aliomba wiki tatu kabla ya mara ya tatu, akapewa. Sasa hapa ndipo nilipomwona mwalimu. Mimi nilifikiri atamkimbiza Latai kwenye lile zoezi asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwanza alimpa beseni la maji ya vuguvugu, sabuni na chupa ya mafuta ya nazi.

“Muoshe mzee nywele.”

“Sista?”

“Hajafa, haumwi. Ana kichwa kichafu. Hakuna saa, hakuna namba. Feleti, zima mitambo yako uje huku ukae tukuone.”

Latai alizunguka kitanda mara nne. Alikaribia kichwa, akarudi miguuni kunyoosha shuka iliyokwisha kunyooka. Alisema tulou mpaka nikapoteza hesabu. Mwishowe akafumba macho, akatumbukiza vidole kwenye zile mvi, akaanza kusugua taratibu, na mafuta yakafanya kazi yake: nywele zote zikachomoka kwa pamoja, zikateleza, zikaingia kwenye beseni chubwi!

Alipiga yowe lililowaleta watu wa ofisini. Amesimama na povu mpaka viwikoni, mbele yake mzee wa kanisa kipara kinang'aa, nusu kahawia nusu waridi. Akanitazama mimi. Nikajikaza, nikashindwa. Nilianza mimi kucheka, akafuata Sista, na Latai akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, anafuta machozi kwa sabuni, inamwasha, anazidi kucheka. Alipoinuka alizikamua zile nywele, akamrudishia Havea kichwani kwa mikono miwili, akazichana akazipasua njia pembeni. Hakuomba ruhusa. Sidhani hata yeye alijua kwamba hakuomba.

Siku ya tatu Sista akamkalisha chini.

“Latai, msibani kwenu nani anakaa kichwani pa marehemu?”

“Shangazi.”

“Si mtoto wake?”

“Aa, Sista! Mtoto yuko jikoni kwenye moshi.”

“Na huyo shangazi anamwomba nani ruhusa?”

“Haombi. Ataombaje? Yeye ndiye mkubwa. Hata baba mwenyewe akiwa mzima anamwinamia.”

“Vizuri. Sasa nisikilize, maana sitasema mara mbili. Shangazi anakaa pale msiba umeshatokea. Mimi nataka mtu akae pale kabla. Ukiwa zamu, mgonjwa awe nani, awe mchungaji, awe chifu, nafasi yako ni ile ya shangazi. Hukuipora. Umepewa na wote waliokuimbia gatini.”

Latai akainua nyusi kukubali.

“Nyusi!” Sista akapiga meza. “Daktari amekupa mgongo, mgonjwa amefumba macho, nyusi zako nani anaziona? Sema!”

“Ndiyo, Sista.”

“Wa kwenye pazia hajasikia.”

“Ndiyo, Sista!”

“Nimesikia,” nikasema kwa sauti ya Havea, na Sista akanirushia kalamu.

Latai akauliza jambo moja, na aliliuliza kwa shida. “Na tulou yangu niiache? Nikiiacha naona kama namshika mbuzi.”

“Nani kasema uiache? Iseme. Ukiiacha nakufelisha mimi mwenyewe. Lakini mkono usiisubiri. Neno liko njiani, mkono umeshafika.”

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila asubuhi kabla ya vipindi na kila alasiri baada yake. Nilimpa Havea kila balaa nililoweza kulibuni: amekabwa na kipande cha samaki, ameanguka bafuni, amepigwa na nazi. Nilimpunguzia hewa haraka, nilimzimia taa, nilipiga kelele za mvua ya mabati kwenye spika. Latai alimuua mara kumi na moja. Nilikuwa naweka alama ukutani. Mara nyingine alichelewa mkono, mara nyingine mkono uliwahi lakini akasahau kusema anachofanya, na Sista akawa amempa mgongo makusudi, haoni kitu. Kila Havea alipokufa tulizungumza: umeona nini, ulingoja nini, mara ijayo utaanza na nini. Halafu tunakunywa chai na marehemu pembeni yetu, na baada ya chai anafufuka anaanza kukoroma upya.

Kufa kwa bei rahisi namna hiyo kunamjenga mtu. Sikuamini mpaka nilipoona. Binti aliyekuwa ananong'ona alianza kusikika koridoni. Sekunde ishirini zikawa kumi, kumi zikawa nne. Siku moja nikachelewesha kukoroma kwa sababu nilikuwa natafuna, akapiga pazia kwa mkono: “Mjomba! Mgonjwa wako anakula?” Nikajua huyu amekwisha iva.

Ikafika mara ya tatu. Metroni amekuja na kitambaa kipya cha kujipepea, amekaa. Sista Temaleti kashika saa. Mimi niliufunga ule mkono wangu wa kitufe kwa leso ili usije ukafanya wema wake tena.

Nikakoroma.

Latai akaja moja kwa moja upande wa kichwa. Na kabla hajanyoosha mkono, Metroni akainuka na mwili wake wote, akatupa kitambaa, akajibwaga kifuani kwa Havea akilia kilio ambacho sijasikia msiba wowote ukikizidi.

“Uwii! Mume wangu! Usimguse! Usimguse kichwa mume wangu, wewe mtoto! Hujafunzwa kwenu? Baba yako ni nani? Nani kakulea?”

Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote.  Namba kwenye kibao zilikuwa tisini na moja. Latai alimtazama Metroni, mkubwa wa wauguzi wote aliowajua, mtu ambaye wiki tatu kabla hakuweza hata kumjibu akasikika. Tisini.

“Mama,” akasema, na sauti ilitoka tumboni, “shuka uje huku, mshike miguu. Kichwani nipo mimi. Tulou, mheshimiwa.”

Neno tulou lilipofika “lou”, Havea alikuwa ameshaangalia dari, kidevu juu, kifua kinapanda.

“Njia ya hewa iko wazi. Kifua kinapanda pande zote. Naweka oksijeni. Mama, usimwachie miguu, ongea naye, anakusikia. Sista, naomba aitwe daktari, na unijibu kwamba umesikia.”

“Nimesikia,” Sista Temaleti akasema.

Metroni alikuwa ameshika miguu ya plastiki kwa mikono miwili. Aliishika mpaka zoezi likaisha. Kisha akaokota kitambaa chake, akajifuta jasho.

“Mlituma watu wangapi kumfunza huyu?” akauliza.

“Mmoja,” Sista akasema. “Na amekufa mara kumi na moja.”

Metroni akatia sahihi.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wanaosimulia habari za Latai huishia hapo, kwenye siku ya kuhitimu, mashada ya maua mpaka puani na nguruwe wa kuokwa. Lakini Latai mwenyewe hakuwa na amani. Aliniambia siku hiyo hiyo ya sherehe, tumesimama nje. Baba yake alikuwa amekuja, amekaa mbele kabisa, mkeka mpya kiunoni, hakutabasamu hata mara moja.

“Mjomba, Havea ni Havea,” akasema. “Nimemshika, nitawashika wagonjwa wote. Lakini yule pale siku akinihitaji?”

“Ataitwa nesi mwingine.”

“Na kama hayupo?”

 Sikutaka kumdanganya mara ya pili.

Walimpanga kuanza kazi katika hospitali ndogo ya kisiwa kikuu cha Ha'apai mwaka mmoja na nusu, kisha ndipo apewe zahanati ya kisiwani kwao. Januari, katika wiki ya maombi ya mwaka mpya, nilitumwa huko kutengeneza mashine ya kufyonza makohozi. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, kengele za kanisa zimetoka kunyamaza. Nimemaliza kufunga skrubu ya mwisho, naijaribu mashine koridoni, gari dogo la mizigo likaingia uani kwa kasi. Nyuma wamepanda wanaume wanne wenye nguo nyeusi na mikeka kiunoni, na katikati yao wamembeba mtu.

Nikasikia mkoromo. Nimeuiga ule mkoromo miaka saba, naujua kuliko jina langu, na nywele zilinisimama. Halafu nikamwona usoni. Alikuwa Vaka'uta. Alikuwa amevuka kwa boti na wazee wenzake kuja kwenye yale maombi, wamefunga siku ya pili, na yeye, mgonjwa wa sukari, alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi kwa tumbo tupu kwa sababu vidonge si chakula.

Latai akatokea mlangoni na sinia la dawa. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, nesi mwenzake alikuwa leba na kichwa cha mtoto kimeshaonekana.

“Aitwe nesi mwingine,” mmoja wa wale wanaume akasema, amejiweka kati ya Latai na machela walipomlaza mzee. “Huyu ni bintiye. Haifai.”

Latai alikuwa mweupe kama lile sinia. Nikamwona akimtazama baba yake, nikaona ule mkono ukiinuka kidogo. Nilitaka kusema neno. Mungu ananijua, nilitaka sana. Nikauma ulimi.

“Nesi mwingine hayupo,” Latai akasema. “Wazee, kaeni upande wa miguu. Tulou, baba.”

Na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshafika kichwani. Paji nyuma, kidevu juu. Mkoromo ukakatika, pumzi ikaingia.

“Hewa inapita. Mjomba, mashine!” Nikaisukuma, akafyonza mate na matapishi. “Mdomo safi. Oksijeni naweka. Wewe mwenye tai, nishikie taa. Juu zaidi, huo ni uso wangu. Napima sukari.” Akatoboa kidole. “Moja nukta tisa, imeshuka mno. Nani kasikia?”

“Moja nukta tisa,” nikajibu mimi.

“Natafuta mshipa.” Akaupata mara ya kwanza. “Sukari ya mshipa inaingia, saa sita na dakika nane, mjomba andika.” Nikaandika kwenye kiganja changu. Mzee mmoja akaanza kuomba kwa sauti na Latai hakumkataza, alimwambia tu asisogee.

Alibaki amesimama pale, tumbo lake limegusa ukingo wa machela, kichwa cha baba yake kati ya viganja vyake, anakiweka sawa na anahesabu pumzi kwa sauti.  

Dakika chache baadaye Vaka'uta akafumbua macho. Alitazama dari. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja miguuni pake. Kisha akapeleka mkono kwenye nywele zake, akazikuta zimelowa na zimevurugika.

“Nani ameshika kichwa changu?”

Wale wazee wanne wakatazama sakafu. 

“Mimi, baba,” Latai akasema, kwa ile sauti ya kusikika koridoni.

“Kwa mkono mmoja?”

“Kwa yote miwili.”

Mzee akazigusa tena zile nywele. Mimi nilianza kuogopa kuliko alipokuwa amezimia. Akalamba midomo yake mikavu.

“Basi nikune hapo nyuma,” akasema. “Pananiwasha tangu asubuhi, na hawa wote hakuna anayethubutu.”

Latai akavua glavu, moja kisha nyingine, akaziweka kwenye sinia. Akapitisha vidole vyake vitupu ndani ya mvi za baba yake, akaanza kumkuna polepole, na machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni bila yeye kuyafuta.

“Kushoto kidogo,” mzee akasema, akafumba macho.